Je, wajua kwa nini mtoto mwenye usonji asiyezungumza hufundishwa kuomba kabla ya kufundishwa kusimama?

Mzazi wa Zanzibar anayeishi karibu na bahari, iwe Nungwi, Jambiani au Makangale, akijaaliwa mtoto mwenye usonji asiyezungumza, neno la kwanza analotamani mtoto wake alifahamu ni "simama". Hofu hiyo ina haki yake, kwa sababu mtoto huyo anaweza kuchomoka mlangoni kimyakimya, akaitwa kwa jina asigeuke, na akavuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto. Hata hivyo, walimu wengi wenye uzoefu na watoto hawa huanzia kwingine: humfundisha kwanza kuomba embe, maji au kubembea, na amri ya kusimama huifundisha baadaye. Sababu ni kwamba kwa mtoto asiyezungumza, usalama na mawasiliano ni somo moja.

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri namna mtu anavyowasiliana, anavyohusiana na wenzake na anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Daktari Leo Kanner wa Marekani, alipoandika mwaka 1943 juu ya watoto 11 aliowachunguza, alieleza kuwa 3 kati yao hawakuwa wakisema. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya kila 127 duniani alikuwa na usonji, na sehemu kubwa ya watoto hao, baina ya robo na theluthi kwa makadirio ya wataalamu, hufika umri wa skuli wakiwa na maneno machache mno au hawana kabisa. Kutosema huko hakuna maana kwamba mtoto hasikii, wala kwamba haelewi yanayosemwa mbele yake.

Mtoto wa aina hii anapokimbia, mara nyingi ana anachokitaka au anachokikimbia. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 ulionesha kuwa karibu nusu ya familia zilizohojiwa ziliwahi kupotewa au kukimbiwa na mtoto mwenye usonji baada ya kutimiza miaka 4, na wazazi walipoulizwa sababu walitaja mambo yanayofahamika: mtoto anapenda kutembea na kuchungulia, anaelekea mahali anapopapenda, au anajiondoa penye kelele na fadhaa. Anayetoka mbio katika chuo cha Kurani wakati watoto thelathini wanasoma kwa sauti pengine anasema kwa miguu kwamba masikio yake yamezidiwa. Mwaka 1985 watafiti Edward Carr na Mark Durand walionesha kuwa watoto wenye matatizo ya ukuaji walipofundishwa njia ya kuomba msaada au kuomba kuangaliwa, vurugu zao zilipungua, kwa kuwa haja ile ile sasa ilikuwa na njia nyepesi zaidi ya kutimizwa. Kufunga mlango kwa komeo kunafaa na kunahitajika, lakini komeo halimpi mtoto njia ya kusema anachokitaka, na siku litakaposahauliwa haja yake itakuwa pale pale.

Njia inayotumika sana ya kufundisha kuomba ni ya kubadilishana picha, iliyoanzishwa mwaka huo huo wa 1985 na Andy Bondy na Lori Frost katika jimbo la Delaware. Somo lake la kwanza linaweza kufanyika juu ya mkeka, katika nyumba yoyote ya Wete au Jang'ombe. Mama anakaa mbele ya mtoto akiwa na kipande cha embe mkononi, na baina yao kuna picha moja tu ya embe. Kaka mtu anakaa nyuma ya mtoto. Hakuna anayeuliza "unataka nini?", hakuna anayesema "chukua picha". Mtoto anaponyoosha mkono kulifuata embe, kaka anauongoza mkono ule, bila ya neno, uiokote picha na kuiweka katika kiganja cha mama, na papo hapo mama anasema "embe!" na kumpa. Kaka hupunguza msaada kidogo kidogo mpaka asihitajike. Kisha mama husogea mbali, hadi mtoto alazimike kuinuka na kumfuata mtu. Hapo ndipo penye uzito wa somo zima: mtoto aliyezoea kwenda mwenyewe kulitafuta jambo anajifunza kumwendea mtu kwanza. Baadaye zitakuja picha mbili za kuchagua, na hatimaye picha ya pwani, ambayo mtoto humletea baba badala ya kuondoka peke yake.

Picha zenyewe si ghali. Hupigwa kwa simu, zikatolewa steshenari na kufunikwa kwa plastiki ili zisilowe, na inafaa ziwe za vitu halisi vya nyumbani, kwa maana ya kikombe chake mwenyewe na boflo analolijua. Wazee wengi huogopa kwamba picha zitamfanya mtoto avivie kusema. Tafiti zilizopitiwa kuhusu jambo hili hazikuonesha kuwa picha au ishara hupunguza usemi, na baadhi ya watoto huongeza maneno baada ya kuzitumia.

Mtoto akishajua kwamba watu humsikiliza, kusubiri na kusimama hufundishika. Matembezi ya kushikana mikono hugeuzwa mchezo: mkubwa anasema "simama", wote wanasimama, mtoto anapongezwa, na safari inaendelea. Mlangoni hubandikwa picha ya kiganja chekundu, na kila anayetoka, mkubwa kwa mdogo, huigusa na kungoja kabla ya kufungua. Ila yaliyofundishwa uani hayahami yenyewe kwenda barabarani. Watoto wengi wenye usonji hujifunza jambo pamoja na mahali pake na mtu wake, kwa hiyo "simama" ya mama uani inahitaji kufundishwa tena na baba kando ya barabara ya daladala, na tena na bibi penye kisima.

Maji yanataka uangalifu wa peke yake. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2017 uliochunguza vyeti vya vifo ulikadiria kuwa uwezekano wa mtoto mwenye usonji kufa kwa kuzama ulikuwa takriban mara 160 ya ule wa watoto kwa jumla. Wengi huvutwa na mng'aro na mwendo wa maji, na katika pwani ya mashariki ya Unguja hatari huongezeka kwa sababu maji yakitoka huacha mchanga mtupu hadi mbali, kwenye mashamba ya mwani, na yakijaa hurudi kwa kasi. Kwa hiyo mtoto huyu afundishwe kuelea chali na kurudi ukingoni, akiwa na nguo zake za kila siku, na kisima kiwe na kifuniko.

Kuna picha moja ambayo kwa maoni yangu haistahili kucheleweshwa, nayo ni ya "sitaki". Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionesha kuwa watoto wenye ulemavu hukumbwa na ukatili karibu mara nne kuliko wenzao. Mtoto aliyefundishwa kutii tu humtii hata anayemdhuru. Afundishwe basi kukataa, na kukataa kwake kuheshimiwe katika mambo madogo, kama chakula asichokipenda, ili ajue kuwa picha ile ina nguvu. Aongezewe picha ya "inauma" na mchoro wa mwili wenye viungo vyote, hata vya siri, kwa sababu bila ya mchoro huo ni vigumu kwake kuonesha jino linalomsumbua, na ni vigumu zaidi kueleza alichotendewa pale anapofikishwa kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachowahudumia waliofanyiwa ukatili.

Mafunzo haya huchukua miaka, na kwa muda huo majirani nao wana lao la kujua. Sheha, mwalimu wa chuoni, wavuvi wa pwani ya karibu na vijana wa bodaboda waoneshwe sura ya mtoto na waambiwe kwamba akiitwa hataitika, kwamba asikamatwe kwa nguvu wala kupigiwa kelele, na kwamba namba ya simu ya mzazi imeshonwa ndani ya ukosi wa nguo yake. Waambiwe pia kwamba akipotea, kabla ya kuulizana nyumba kwa nyumba, wa kwanza kutoka aelekee penye maji.