Ufuatiliaji wa kemikali sugu majini: maana yake nini?

Desemba 2013, mtambo wa maji wa Brännarebacken, uliokuwa ukihudumia sehemu ya wakazi wa Ronneby kusini mwa Uswidi, ulifungwa ghafla. Maji yake yalikutwa na zaidi ya nanogramu 10,000 za kemikali za jamii ya PFAS, zile za viwandani zinazofanya vitu visishike maji wala mafuta, kwa kila lita. Chanzo kilikuwa povu la kuzimia moto lililotumika kwa miaka mingi kwenye uwanja jirani wa ndege za kijeshi. Povu lilizama ardhini, likafika visimani, na watu wakanywa. PFAS haibadili rangi ya maji, na vipimo vya kawaida vya bakteria haviioni kabisa.

Kemikali sugu ni zile ambazo jua, vijidudu na maji huchukua miaka mingi kuzivunja, au hushindwa kabisa. DDT, dawa ya kuua wadudu, na PCB, kemikali za mafuta ya transfoma za zamani, zimo humo. Mkataba wa Stockholm, uliopitishwa mwaka 2001, huziorodhesha ili zipigwe marufuku au zibanwe. PFOS, mojawapo ya PFAS, iliingizwa mwaka 2009, na PFOA, ya jamii hiyohiyo, mwaka 2019.

Kuzifuatilia ni kupima mahali palepale, kwa njia ileile, msimu hadi msimu, mpaka ijulikane kiasi kinapanda au kinashuka na kinatoka wapi. Sampuli moja hueleza siku moja tu. Mto baada ya mvua kubwa si mto wa kiangazi. Tena DDT hukwepa maji na kung'ang'ania tope, kwa hiyo anayepima maji peke yake anaweza kuutangaza mto kuwa safi ilhali samaki wake wamejaa sumu.

Kazi yenyewe inahitaji uangalifu mkubwa. Mwaka 2024 Marekani iliweka kikomo cha nanogramu 4 kwa lita ya maji ya kunywa, kwa PFOA na vilevile kwa PFOS. Hizo ni gramu 4 katika lita bilioni moja. Kwa kiwango hicho, koti la mvua lililotiwa dawa ya kuzuia maji linaweza kuharibu sampuli, na chupa yenye Teflon, ambayo nayo ni ya jamii ya PFAS, haitakiwi. Hutumika ya plastiki iitwayo polipropilini. Mchukua sampuli hubeba pia maji safi kutoka maabara, akayamimina kwenye chupa nyingine palepale ukingoni, na chupa hiyo ikapimwa pamoja na zile za mto. Ikikutwa na PFAS, uchafu umetoka mikononi au kwenye vifaa, na matokeo ya siku hiyo hayaaminiki.

Maji ya ardhini huenda polepole mno, kwa hiyo huhitaji visima kadhaa vilivyopangwa kufuata mkondo wake. Majitaka nayo yana mtego: maji yanayotoka kwenye mtambo wa kusafisha yanaweza kuwa na PFOA nyingi kuliko yaliyoingia, kwa sababu vijidudu vya mtambo huvunja kemikali nyingine na kuzigeuza kuwa PFOA. Ndiyo maana ni lazima kupima mlango wa kuingilia na wa kutokea, na tope pia, hasa kama linapelekwa mashambani.

Kwetu Tanzania upo mfano wa Vikuge, Kibaha. Shehena ya viuatilifu iliyopokelewa miaka ya 1980 iliwekwa kwenye banda ambalo baadaye lilianguka, na watafiti wakakuta DDT na HCH, kiuatilifu kingine sugu, kwenye udongo na maji. Hapa ndipo ninapoona thamani kubwa ya kazi hii. DDT huvunjika taratibu kuwa DDE, kwa hiyo uwiano wa hizo mbili hudokeza umri wa uchafuzi. DDE ikizidi sana, aghalabu ni mabaki ya zamani. DDT yenyewe ikizidi, huenda kuna inayoingia sasa hivi, ama kutoka shamba linaloitumia kwa siri, ama kutoka rundo la zamani linaloendelea kuchuruzika, na mkaguzi anapaswa kupanda na mto mpaka akifikie chanzo.