Noti ya hamsini hairudi benki

Kila Jumamosi asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, nilikuwa nikichungulia kioo nione kama mweka hazina wa msikiti ameshafika. Nilikuwa keshia mkuu wa tawi moja la benki hapa Malindi kwa miaka kumi na miwili, na mzee huyo nilimthamini kuliko wenye mahoteli. Wenye mahoteli huleta noti za elfu. Yeye alileta sadaka ya Ijumaa: mfuko wa kitambaa uliojaa hamsini na mia, na sarafu alizozifunga kumi kumi kwa karatasi ya daftari. "Leo ni kidogo, mwanangu," alikuwa akiniambia, nami humjibu, "Ami, hiki kidogo chako ndicho nilichokuwa nikikingoja wiki nzima."

Nilikingoja kwa sababu ikifika Alhamisi droo zetu hazikuwa na noti ya hamsini hata moja. Na nikitoka nje, kuanzia kwa madereva wa tuktuk hadi soko la samaki, lawama ni ile ile: "Nyinyi watu wa benki, ndogo ndogo mwazificha wapi?" Hatuzifichi. Noti ya hamsini ikishatoka benki hairudi, na hapo ndipo shida ilipo.

Zifuate noti mbili uone. Ya elfu ikitoka kwenye mashine leo, kesho iko dukani, mwenye duka analipia mzigo wa unga kwa muuzaji wa jumla, na muuzaji wa jumla anaiweka benki kabla ya wikendi. Haikai mtaani. Ya hamsini haina safari hiyo. Mama wa mahamri humpa dereva wa tuktuk, dereva humrudishia abiria, abiria hununulia mchicha, na muuza mchicha huifunga kwenye pindo la leso. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye sababu ya kupanga foleni benki kuweka noti atakayoihitaji kesho alfajiri. Basi huzunguka, huzunguka, mpaka ikafia huko huko.

Na hufa kweli. Nimewahi kupokea moja kutoka kwa mchuuzi wa samaki, nikaikunjua taratibu juu ya kaunta kwa ncha za vidole. Ilikuwa laini kama kitambaa cha zamani. Karatasi ya noti hutengenezwa kwa pamba, na ikishalowa jasho na maji ya chumvi mara mia inarudi kwenye asili yake. Picha ya jengo la mikutano la KICC la Nairobi ilikuwa imefutika nusu, katikati imeungwa kwa selotepu, na kwenye mkunjo palikuwa na gamba la changu limekauka. Mchuuzi alikuwa ameshakataliwa sokoni mara tatu. Nikampa nyingine nzima, na ile nikaiweka kwenye fungu la chakavu linalorudishwa Benki Kuu kuharibiwa. Watu hawajui kama wana haki hiyo. Noti iliyochakaa bado ni pesa, ilete benki. Na zile za zamani zenye sura ya Mzee Kenyatta, kuanzia hamsini mpaka mia tano, bado ni halali. Iliyokoma ni ya elfu peke yake, tarehe 1 Oktoba 2019. Nimeona wazee wakidanganywa juu ya hili, na inaniuma.

Sasa uzito wa upande wa pili. Kuchapisha noti ya hamsini hakupishani sana kwa gharama na kuchapisha ya elfu: karatasi ile ile, mashine zile zile, uzi wa usalama vivyo hivyo. Lakini ili upate thamani ya elfu moja unahitaji hamsini ishirini, na hizo ishirini ndizo zitakazochakaa kwanza. Agosti 2024, Benki Kuu ilipotangaza noti zenye saini mpya na uzi mpya wa usalama, ilianza na ya elfu, zilizobaki zikafuata baadaye. Ndogo hungoja zamu yake.

Halafu kuna usafiri. Tawi letu liliagiza fedha kutoka Mombasa, na gari la fedha hupangwa kwa thamani ya mzigo. Milioni moja kwa noti za elfu ni bandali kumi, unazibeba kwa mkono mmoja. Milioni hiyo hiyo kwa noti za hamsini ni bandali mia mbili, noti elfu ishirini za kuhesabiwa, za kukaguliwa na za kutafutiwa nafasi ndani ya sefu. Kwa wenzetu wa Lamu ongeza barabara ya Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha mashua. Meneja anayesaini oda huona bandali mia mbili, anazikata kwa kalamu.

Mashine ya kutolea pesa nayo ina hesabu yake. Ndani mna visanduku tunavyoviita kaseti, na kaseti moja hubeba noti kama elfu mbili. Ukiijaza noti za elfu umeweka milioni mbili. Ukiijaza za mia umeweka laki mbili, na Jumamosi saa nne mashine imekauka, simu ya meneja inalia. Mimi mwenyewe nilijaza kaseti hizo kwa miaka mingi, na ni mara chache sana niliweka za mia. Kwa hiyo mshahara wa mwalimu, wa askari na wa mfanyakazi wa hoteli hutoka kwa elfu na mia tano, halafu wote hao hutawanyika mji mzima siku moja wakitafuta wa kuwavunjia.

Anayevunja ni nani? Si supamaketi. Ni mama mwenye karai la mahamri pale Maweni, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mteja anakula mahamri mawili na mbaazi, anatoa elfu. Mama ana njia tatu: aache mauzo, akimbie kwa jirani kuomba chenji huku mafuta yanaungua, au amwambie "utanilipa kesho". Nimekaa naye nikaona daftari lake. Wateja anaowadai wamejaa kurasa mbili, na wapo ambao hatawaona tena. Hasara nyingine haionekani kabisa: kitu cha shilingi thelathini na tano kinakuwa arobaini kwa sababu hakuna sarafu ya tano, au unapewa peremende ambayo hukuiomba. Tano kwa mtu wa elfu si kitu. Kwa anayenunua mafuta ya kupikia ya kupimiwa na sukari ya vijiko, tano hizo kila siku ni chakula.

Mtaniambia kuna M-Pesa. Ndiyo, na tangu kutuma shilingi mia au chini ya hapo kuwe bure, imesaidia mno. Nimeona watu wakilipia kikombe cha kahawa kwa simu. Lakini jioni yule mama pesa zake zote ziko kwenye simu, na anayemuuzia ngano anataka taslimu. Akienda kwa wakala kutoa, anakatwa karibu shilingi thelathini hata kama anatoa mia mbili tu, na wakala anamhesabia noti kubwa. Asubuhi anaanza upya bila chenji.

Pwani hii tulishawahi kupitia shida hii. Reale ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya fedha ya Austria, ilikuwa nzuri kwa mwenye jahazi, lakini huwezi kununulia samaki mmoja. Ndiyo maana tunasema thumuni: ni kwa Kiarabu "sehemu ya nane", yaani ya reale, na jina likahamia kwenye senti hamsini. Hata neno pesa lilikuwa jina la sarafu ndogo ya shaba kutoka Bara Hindi. Sultani Barghash aliagiza za kwake zenye picha ya mizani, za mwaka 1299 Hijria, na mwaka 1888 kampuni ya Waingereza ikatoa zilizoandikwa Mombasa. Wote walijua kwamba soko bila vipande vidogo halitembei.

Mimi naunga mkono sarafu ya hamsini. Noti zetu za shilingi tano, kumi na ishirini ziligeuzwa sarafu zamani, na leo simba na ndovu wa 2018 wanazunguka bila kuchanika. Tanzania walifanya hivyo mwaka 2014 kwa shilingi mia tano yao, wakisema wazi kwamba noti hiyo inapita mikono mingi na kuchakaa upesi. Najua wapo watakaolalamika uzito mfukoni. Wanipe mchuuzi wa samaki mmoja atakayelalamika.

Kipindi kigumu kuliko vyote ni kumi la mwisho la Ramadhani. Kila mzazi anataka mia mpya kwa ajili ya mkono wa Idi, na wanaoandaa harusi za baada ya mfungo wanataka hamsini za kutuza. Kama unazihitaji, njoo benki mapema, Jumatatu, ndogo ndogo zikiwa bado zipo. Na usiseme tu "nipe elfu tano". Mwambie keshia mgawanyo kabla hajaanza kuhesabu: elfu tatu za elfu, elfu moja za mia mbili, elfu moja za mia na hamsini. Akiwa nazo atakupa, kwa sababu ameombwa.

Ami wa sadaka siku hizi haendi benki Jumamosi. Nilipoacha kazi nilimshauri akae barazani baada ya swala ya Isha ya Ijumaa. Madereva wa tuktuk na kina mama wa mahamri humletea noti zao za elfu, naye huwahesabia ndogo ndogo hapo hapo, shilingi kwa shilingi, hakati kitu. Jumatatu hupeleka bandali nyembamba ya elfu. Keshia aliyeshika nafasi yangu alinipigia simu mwezi uliopita kuniuliza mzee yuko wapi, droo zimekauka. Nikamwelekeza barazani.