Utandu wa Kijivu Kwenye Miembe Si Ugonjwa: Msiukwangue

Tangu masika yaanze, ofisini kwetu yanaletwa maombi ya kukata au kupulizia dawa miti ya barabarani, mengi yakitoka Chumbageni na Raskazone, hapa jijini Tanga. Sababu ni ile ile: mti umeota ukurutu, utaambukiza mingine. Tumekagua. Kilichoota ni likeni, na likeni haili mti wala hainyonyi utomvu wake. Imeshika gome tu.

Likeni ni kuvu na mwani walioungana mwili mmoja. Mwani hupika chakula kwa mwanga wa jua, kuvu hushika gome na kutunza unyevu. Haina mizizi, wala haina ile nta inayolinda jani la mwembe, kwa hiyo maji na virutubisho inavipata kwenye mvua, umande na vumbi linalotua juu yake. Hewa ikiwa chafu, uchafu huingia moja kwa moja. Dioksidi ya salfa, inayotoka kwenye mafuta mazito na makaa ya mawe, ikikutana na unyevu huo huwa asidi na kuharibu klorofili ya mwani. Mwani ukifa, kuvu hukosa chakula. Utaona rangi inafifia, kingo zinabanduka, kisha kiraka kizima kinadondoka. Kurudi kwake ni milimita chache kwa mwaka, kwa hiyo anayekwangua kwa panga asubuhi moja anaondoa kilichoota kwa miaka mingi.

Jambo hili si geni. Mwaka 1866 William Nylander, mtaalamu kutoka Finland, aliandika kwamba likeni zilizostawi katika bustani ya Luxembourg, Paris, zilikuwa hazionekani sehemu nyingine za jiji hilo. Zile zinazoning'inia kama ndevu hutoweka kwanza, zenye umbo la majani hufuata, na zilizonata kama rangi ndizo huvumilia zaidi. Hata hivyo msilinganishe mwembe wa Ngamiani na miti ya Amani, milimani Usambara: kule juu kuna ukungu na baridi, na tofauti si moshi peke yake.

Kuna pia wanaosema, "Mti wangu una likeni, basi hewa yangu ni safi, nichome taka." Hapana. Amonia ya mazizi na ya magari huzineemesha baadhi ya likeni, hasa zile za manjano. Vumbi la chokaa nalo hupunguza asidi ya gome, zikaota za aina nyingine. Tunachoangalia ni aina zipi zimebaki na zipi zimetoweka. Wingi wake peke yake hautuambii kitu.

Na chokaa ya kupaka! Kila ukija ugeni mkubwa, mashina hupakwa hadi kiunoni. Nia ni usafi, naielewa, lakini likeni zote za chini hufa na sisi tunabaki hatuna cha kusoma. Tafadhali, iacheni miti.

Kinachostahili kuripotiwa ni moshi. Anza kwa mtendaji wa mtaa, kwa maandishi. Taja tarehe, saa, kinachochomwa na upepo ulikotoka, maana moshi wa wakati wa kusi hauendi upande uleule wakati wa kaskazi. Baki na nakala iliyogongwa muhuri. Mtendaji asipochukua hatua, nakala hiyo ilete kwa afisa mazingira wa Jiji. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kama ilivyopitishwa, kifungu cha 187, anayechafua mazingira akitiwa hatiani hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 3 na isiyozidi milioni 50, au kifungo kisichozidi miaka 12, au vyote viwili. Kiwango hupangwa na mahakama. Likeni iliyokufa peke yake haitoshi kumshitaki mtu; viwango vya gesi vimo katika Kanuni za Ubora wa Hewa za mwaka 2007 na hupimwa kwa vifaa. Sisi likeni inatuonyesha pa kuvipeleka vifaa hivyo.

Mti wenye tawi lililooza au shina lenye uwazi ni jambo jingine. Huo ombeni ukaguliwe haraka. Maombi ya kukata yaliyoletwa kwa sababu ya likeni pekee hayatakubaliwa, na majibu yatapitia kwa watendaji wa mitaa.