Siku 21 si kipimo cha uvivu

Ujumbe huu haukomi kuzunguka kwenye magrupu: fanya jambo siku 21 mfululizo, litakuwa mazoea, ukishindwa, wewe ni mvivu tu. Si kweli, na tafadhali usiusambaze.

Namba hiyo ina asili yake. Mwaka 1960 daktari wa upasuaji wa sura aliandika kwamba wagonjwa wake huchukua angalau siku 21 kuuzoea uso mpya. Hakuwa akipima mazoezi wala usingizi, na lile neno "angalau" lilidondoka njiani. Utafiti wa baadaye uliofuatilia watu 96 kwa wiki 12 ulikadiria kwamba jambo huchukua siku 18 hadi 254 kuwa mazoea, kutegemea mtu na jambo lenyewe. Tena kuruka siku moja hakukuharibu kitu.

Kinachowachanganya wengi ni msongo wa mawazo. Akili iliyochoka hurudia ilichokizoea, na usingizi haba huongeza njaa, hivyo jambo jipya, kama matembezi ya jioni, ndilo hufa kwanza. Kwa nje huonekana uvivu.

Jipime mwenyewe: kwa wiki nne, andika kwenye kalenda saa ulizolala na kama ulitembea. Tazama mapengo yameangukia wapi. Mara nyingi ni baada ya usiku mbovu. Siku hizo punguza dozi, usiifute: dakika tano za kutembea, mara tu baada ya jambo usilokosa kulifanya, kama kupiga mswaki.

Ila ukikosa hamu hata ya vitu ulivyovipenda kwa wiki mbili au zaidi, muone daktari.