Bakteria mmoja, ukoma wa sura mbili: maswali kuhusu kinga ya mwili

Watu wawili wa nyumba moja wanaweza kuambukizwa bakteria yule yule wa ukoma. Mmoja akatokewa na baka moja mgongoni, limepauka na limekufa ganzi. Mwenzake akajaa vinundu usoni na masikioni, nyusi zikapukutika. Tofauti hiyo imetoka kwenye kinga zao, na nimeona niijibu kwa maswali ambayo watu huuliza.

Kinga ya mwili hupigana na vimelea kwa njia zipi?

Ukiacha ulinzi wa mwanzo, kama ngozi na homa, zipo njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kingamwili, protini zinazotengenezwa na seli B, aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu. Huzunguka katika damu na majimaji ya mwili, zikikutana na adui humo humnata na kumlemaza. Sumu ya pepopunda, kwa mfano, hukamatwa hivyo. Ndiyo sababu mama mjamzito huchomwa sindano ya pepopunda: kingamwili zake hupita kwenye kondo la nyuma na mtoto huzaliwa nazo.

Njia ya pili ni kinga ya seli, inayoongozwa na seli T, aina nyingine ya chembe nyeupe za damu. Hii ni ya adui aliyekwishaingia ndani ya seli zetu na kujificha humo, mahali ambapo kingamwili hazimfikii.

Nani anaamua njia ipi itumike?

Waamuzi wakuu ni seli T saidizi. Mwaka 1986 Tim Mosmann na Robert Coffman, wakichunguza seli za panya huko Marekani, walionyesha kwamba seli hizi zina makundi mawili. Kundi la kwanza hutoa interferoni gama, kemikali inayoziamsha makrofeji, yaani seli zinazomeza vimelea, ili ziue kile zilichomeza. Kundi la pili hutoa kemikali kama intalukini 4, zinazozihimiza seli B kutengeneza kingamwili.

Jambo la kushika hapa ni kwamba makundi haya hubanana. Interferoni gama hulidhoofisha kundi la pili, na kemikali za kundi la pili hulizima la kwanza. Mwili ukishaelemea upande mmoja, kurudi upande wa pili ni kazi. Baadaye yaligunduliwa makundi mengine, yakiwemo seli T za udhibiti ambazo kazi yake ni kutuliza vita visije vikamdhuru mwenye mwili. Ugunduzi wa seli hizo ulipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2025.

Haya yanahusianaje na ukoma?

Bakteria wa ukoma, aliyegunduliwa na daktari Gerhard Armauer Hansen wa Norway mwaka 1873, huishi ndani ya makrofeji zenyewe na ndani ya seli zinazoifunika mishipa ya fahamu. Hana haraka: huchukua karibu wiki mbili kujigawa mara moja, kwa hiyo miaka mitano au hata ishirini inaweza kupita kabla dalili hazijatokea. Hupenda sehemu zenye ubaridi, ndiyo maana huonekana kwenye ngozi, pua na masikio.

Mwili ukielemea kinga ya seli, makrofeji huamka na kuua. Mabaka yanakuwa machache, na ukichukua majimaji ya ngozi ukaweka chini ya hadubini huenda usimwone bakteria hata mmoja. Lakini vita hivyo hupiganwa ndani ya mshipa wa fahamu, na mshipa huumia mapema. Ganzi ya hapo imeletwa kwa sehemu kubwa na kinga yenyewe.

Mwili ukielemea kingamwili, huzitengeneza kwa wingi kweli kweli. Ukipima damu ya mgonjwa huyu unazikuta tele, na hazimfai kitu, kwa sababu adui yuko ndani ya seli. Makrofeji hujaa bakteria walio hai, ngozi ikawa nene na vinundu vikaota. Kati ya ncha hizi mbili wapo wagonjwa wengi wa katikati. Wataalamu wa ukoma Ridley na Jopling waliwapanga wote katika makundi matano mwaka 1966. Zahanatini kazi imerahisishwa: mabaka yasiyozidi matano huhesabiwa kuwa ukoma wa vimelea vichache, zaidi ya hapo ni wa vimelea vingi.

Kwa hiyo kuwa na kingamwili nyingi si kulindwa?

Kwa pepopunda, ndiyo ulinzi. Kwa ukoma, hapana.

Kila aliyeambukizwa huugua?

La. Zaidi ya watu 9 kati ya 10 wana kinga ya seli inayotosha kumshinda bakteria huyu bila wao kujua. Chanjo ya kifua kikuu, BCG, ile inayoacha kovu dogo mkononi, huongeza ulinzi kiasi, kwa kuwa bakteria wa kifua kikuu na wa ukoma ni ndugu.

Nimeanza dawa, mabaka yamevimba na mkono umelegea. Dawa zimenikataa?

Hapana, na tafadhali usiziache. Kinachotokea ni kinga kubadilika ghafla. Wakati mwingine kinga ya seli iliyolala huamka: mabaka yanakuwa mekundu, mishipa inauma, kikombe kinaanza kukuponyoka. Kwa wanawake hali hii hutokea sana miezi ya mwanzo baada ya kujifungua, kwa sababu ujauzito huituliza kinga ya seli, kisha ikarudi kwa nguvu. Wakati mwingine, kwa wenye vimelea vingi, kingamwili hunatana na mabaki ya bakteria waliokufa. Hapo huja homa, vinundu vyenye maumivu, hata macho mekundu.

Hali zote mbili zinatibika, mara nyingi kwa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, inayotolewa kwa usimamizi. Ila nenda kituoni siku hiyo hiyo. Mshipa uliovimba ukiachwa wiki kadhaa unaweza usirudi tena, na huko ndiko vidole vinakokunjika moja kwa moja. Hili linaniuma, maana mgonjwa anakuwa yuko kwenye dawa tayari, ulemavu unampata kwa kukosa kuambiwa.

Baka la ukoma hujulikanaje?

Haliwashi wala haliumi. Mhudumu husokota pamba iwe na ncha nyembamba, akamwonyesha mgonjwa mguso wake kwenye ngozi nzima, kisha akamwambia afumbe macho na aonyeshe kwa kidole kila anapoguswa. Pamba ikigusa baka na kidole kisiinuke, jibu limepatikana.

Dawa ni bure: rifampisini, dapsoni na klofazimini, miezi 6 kwa vimelea vichache na 12 kwa vingi. Mkojo utakuwa mwekundu siku ya kumeza rifampisini na ngozi huenda ikawa nyeusi zaidi kwa muda, usishtuke. Siku chache tu baada ya kuanza, mgonjwa hawezi tena kuambukiza wengine, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtengea sahani wala chumba. Aende na watu wa nyumbani kwake wakakaguliwe ngozi mchana, penye mwanga. Wasio na dalili wanaweza kupewa dozi moja ya rifampisini ya kujikinga, kama Shirika la Afya Duniani lilivyopendekeza mwaka 2018.