Mashine Yako ya Presha Si Mbovu

Nimeletewa tena mashine ya kupimia presha, imerudishwa kwenye boksi lake kana kwamba inakwenda kuzikwa, na malalamiko ni yaleyale: "Daktari, hii ni mbovu. Nikipima mara tatu inanipa majibu matatu." Nimechoka kulijibu hili kwa mdomo.

Shinikizo la damu halitulii mahali pamoja. Hubadilika kwa kila pigo la moyo, hupanda unapozungumza, na hata pumzi unayovuta huligusa. Mashine iliyosoma 142/88 (namba ya juu ni moyo unaposukuma damu, ya chini ni unapotulia), kisha 136/84, kisha 133/85 ndani ya dakika chache haijakosea hata mara moja. Ningeitilia shaka ile ambayo ingerudia namba ileile siku nzima. Kipimo cha kwanza aghalabu huwa juu, na ndiyo sababu tunakuomba upime mara mbili kwa kupisha dakika moja, asubuhi na jioni, kwa siku 7, ili tupate wastani. Wastani huo ukifika 135/85 kwa vipimo vya nyumbani, tuna jambo la kuzungumza. Tafadhali usiniletee ile namba ndogo kuliko zote uliyoichagua kwa sababu ilikufurahisha.

Mengine nayapitia upesi, kwa kuwa yameandikwa kwenye kijitabu ambacho hukukifungua: dakika 30 kabla ya kupima usinywe kahawa, usivute sigara wala usifanye mazoezi, nenda haja ndogo, kaa dakika 5 ukiwa umeegemea, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni, bila kukunja nne, na unyamaze, hata anayepita akiuliza imefika ngapi.

Sasa mkanda unaofungwa mkononi na kujazwa hewa, ambao ndio unaonikera. Mkanda uliokuja na mashine umeandikwa mzunguko wa mkono unaoufaa, mara nyingi sentimita 22 hadi 32, na wenye mikono minene zaidi ya hapo ni wengi. Mfuko wa ndani unaojaa hewa unapaswa kuzunguka angalau asilimia 80 ya mkono. Ukiwa mfupi, haubani ateri (mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni) sawasawa, hewa nyingi zaidi huhitajika, nawe unaandikiwa presha usiyokuwa nayo; ukiwa mkubwa mno, namba hushuka. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mzunguko katikati ya bega na kiwiko, kisha usome maandishi ya mkandani. Ufunge juu ya ngozi, wala si juu ya shati, na shati lenyewe lisikunjwe likaubana mkono kwapani.

Mkono nao uegemezwe mezani, mkanda ukiwa usawa wa moyo. Ukiushusha kwa sentimita 10, uzito wa damu peke yake huongeza takriban milimita 8 za zebaki, yaani namba 8 kwenye kioo cha mashine. Anayepima mkono ukiwa umelala mapajani anaweza kuanzishiwa dawa kwa sababu ya kimo cha meza, na mashine za kifundo cha mkono zimelizidisha tatizo hili.

Lakini sitaitetea mashine kupita kiasi. Haisikilizi sauti kama muuguzi mwenye stetoskopu. Inahisi mitetemo ya ateri hewa inapopungua mkandani, kisha inakadiria namba ya juu na ya chini kwa kanuni ambayo kila mtengenezaji huificha. Kwa hiyo mashine mbili nzuri zinaweza kutofautiana kidogo, nami siwezi kukuthibitishia ipi imeikaribia kweli. Hata suala la kuvitupa vipimo vya siku ya kwanza, ambalo baadhi ya miongozo inalitaka, wengine wetu hulifuata na wengine hawalifuati. Wanaonipa mashaka zaidi ni wagonjwa ambao mapigo yao ya moyo hayana mpangilio, kwa kuwa mitetemo yao haifanani pigo hadi pigo. Hao huwaomba wapime mara 3 kila wanapokaa, na bado namba yao ya chini huisoma kwa tahadhari.