Kutibu maji ya kunywa kwa mionzi ya urujuanimno safarini

Kutibu maji kwa mionzi ya urujuanimno ni kuvimulika vijidudu vilivyomo majini kwa mwanga usioonekana kwa macho, ili vishindwe kuzaana. Kifaa anachobeba mtembezi ndani ya shanta lake ni kitaa kidogo cha betri ambacho hutumbukizwa ndani ya chupa na kukorogewa maji mpaka kizimike chenyewe. Vipo pia vilivyojengewa ndani ya kifuniko cha chupa. Maji hayapati moto, hayabadiliki ladha wala harufu, na hakuna kinachoongezwa ndani yake. Lakini pia hakuna kinachotolewa, na hili ndilo ambalo mnunuzi hana budi kulielewa kabla hajatoa pesa yake.

Jua nalo lina mionzi hii, ya aina tatu zinazoitwa A, B na C. Aina ya C, ambayo ndiyo kali zaidi kwa vijidudu, huzuiwa na angahewa isitufikie, na kwa hiyo hatuna njia ya kuipata ila kwa taa. Taa za mvuke wa zebaki hutoa mawimbi yenye urefu wa nanomita 254, na zile ndogo za kisasa zisizo na zebaki hutoa ya baina ya 260 na 280. Mawimbi hayo hufyonzwa na DNA ya kijidudu na kuziunganisha sehemu ambazo hazikupaswa kuungana, hivyo kinapotaka kujigawa hujikuta hakiwezi kunakili vinasaba vyake. Kijidudu chenyewe huenda kikawa hai bado wakati unakunywa maji, lakini kwa kuwa hakizaani tumboni, hakimuumizi mtu. Elimu hii si ngeni: mwaka 1877 watafiti Downes na Blunt wa Uingereza walionyesha kwamba mwanga wa jua unaua bakteria, na mwaka 1910 mji wa Marseille, Ufaransa, ulijaribu mtambo wa kutibu maji ya mji kwa njia hii. Sifa yake kubwa ni kwamba inaviweza hata vimelea vya Cryptosporidium, ambavyo klorini kwa kipimo cha kawaida haiviwezi.

Sharti la yote hayo ni moja, nalo ni kwamba mwanga umfikie mdudu. Maji ya bondeni Pemba baada ya mvua za masika, yaliyogeuka rangi kwa udongo, humpa kijidudu mahali pa kujificha nyuma ya chembe za tope, na taa itawaka na kuzima kana kwamba imemaliza kazi ilhali haikuifanya. Maji kama hayo yaachwe yatuame kwanza, kisha yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Kipimo chepesi ni kuisimamisha chupa angavu juu ya kichwa cha habari cha gazeti na kutazama kutokea mdomoni hadi kitakoni: herufi zisiposomeka, maji hayo bado. Muda nao usipunguzwe; kwa vifaa vingi vya mkononi vyenye taa ya zebaki, nusu lita huhitaji takriban sekunde 48 na lita nzima sekunde 90, na wakati wote huo maji yakorogwe ili kila sehemu ipite karibu na taa. Tena itazame shingo ya chupa. Kwenye mikunjo ya kufungia kifuniko hubaki matone ya maji ya kisimani ambayo hayakuguswa na mwanga, na hapo ndipo mnywaji anapoweka mdomo wake. Pakaushe kwa kitambaa safi kabla ya kunywa.

Kwa visiwa vyetu kuna jambo jingine zito zaidi. Sehemu kubwa ya mashariki ya Unguja, na Micheweni kule Pemba, ni ardhi ya maweni, yaani jiwe la matumbawe lenye nyufa na mapango. Mvua inayonyesha juu yake huzama upesi bila kuchujwa na udongo wa maana, na uchafu wa choo kilichochimbwa karibu unaweza kufuata njia hiyohiyo hadi kisimani. Maji ya pangoni huwa maangavu mno, na huo uangavu ndio unaowafaa watumiaji wa taa, kwani vijidudu vyake hushughulikiwa vizuri. Hata hivyo, chumvi iliyopenya kutoka baharini itabaki palepale, na kemikali ziitwazo naitreti zitokazo vyooni pamoja na dawa za mashamba zitabaki vilevile. Maji yenye chumvi yakimulikwa ni maji yenye chumvi.

Upungufu mwingine ni kwamba mwanga hauachi ulinzi nyuma yake. Klorini hubaki majini ikiendelea kulinda, ilhali maji yaliyomulikwa yakichotwa kwa kikombe kichafu hurudi yalikotoka. Isitoshe, baadhi ya bakteria wanaweza kuirekebisha DNA yao wakipata mwanga wa kawaida, kwa hiyo maji hayo yanywewe mapema au yawekwe gizani. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, kifaa hiki kinamfaa mtembezi anayejaza chupa yake na kuinywa njiani, na hakiwafai wavuvi waliopiga dago, yaani kambi ya uvuvi, wanaotumia dumu moja kwa siku kadhaa. Hao vidonge vya klorini au maji yaliyochemshwa ndiyo salama yao. Zanzibar imepata milipuko ya kipindupindu mara nyingi tangu mwaka 1978, na mtu asitegemee betri peke yake. Vidonge kadhaa vya akiba havilemezi shanta.

Betri ikiisha na vidonge havipo, chupa angavu ya plastiki ya maji ya dukani ijazwe maji yasiyo na tope na ilazwe juani kwa muda wa saa 6, au siku mbili mfululizo mawingu yakitanda. Hapo kazi hufanywa na mionzi ya aina ya A ikisaidiana na joto, polepole kuliko taa.